Barakoa ya Fedha: Uhakiki wa Maisha na Kazi ya El Santo

Mieleka ya kulipwa haina jina zuri mbele ya wasomi. Mwalimu akimkuta mwanafunzi amefungua picha za wanamieleka chini ya dawati humnyang'anya, na sababu anayoitoa aghalabu ni moja tu: mchezo huo ni wa uongo. Mshindi hujulikana kabla ya kengele kupigwa, mapigo hupangwa kwa mapatano, na yule anayegaragara chini kwa uchungu huenda baada ya saa moja akaonekana akila chakula pamoja na aliyemwumiza. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu kubwa, wala hatukusudii kuikana. Tunalouliza ni kama inatosha. Mwigizaji anayekufa katika tamthilia huamka pazia likishafungwa, na hakuna mwalimu anayeikataa tamthilia hiyo kwa sababu kifo chake kilikuwa cha kuigiza. Tukimhukumu mwanamieleka, basi na tumhukumu kwa kipimo kile kile tunachompimia mwigizaji: alisema nini, alikisema kwa fani gani, na watu gani walimsikiliza.

Kwa ajili ya uchunguzi huu tumemchagua Rodolfo Guzmán Huerta wa Meksiko, aliyejulikana kwa jina la El Santo, yaani Mtakatifu. Aliufuata ulingo kwa muda wa karibu miaka hamsini, na katika miaka arobaini ya mwisho hakuna mtazamaji aliyeuona uso wake humo.

Guzmán alizaliwa tarehe 23 Septemba, 1917, katika mji wa Tulancingo, jimbo la Hidalgo. Wazazi wake walihamia jiji la Meksiko angali mdogo, kama walivyofanya maelfu ya watu wa mashamba katika miaka iliyofuata mapinduzi ya 1910, naye akakulia katika mitaa ya makabwela upande wa Tepito. Wakati huo serikali ilikuwa katika kazi kubwa ya kulijenga taifa kwa njia ya utamaduni. José Vasconcelos, aliyesimamia elimu kuanzia 1921 hadi 1924, aliwapa wachoraji kuta za majengo ya umma, na Diego Rivera pamoja na wenzake wakazijaza picha za wakulima, wafanyakazi na wenyeji wa asili wa nchi ile. Kazi hiyo inastahili sifa zote ilizopewa. Lakini kabwela yule aliyechorwa ukutani, alipotoka kazini jioni hakwenda kuutazama ukuta. Katika miaka ya 1930 alianza kwenda kwenye mieleka.

Na mieleka yenyewe haikuwa ya kwao. Mtu aliyeianzisha kama biashara ya kudumu, Salvador Lutteroth, aliiona kwanza ng'ambo ya mpaka, huko Texas, akaileta jijini na kuunda kampuni yake mwezi Septemba, 1933. Wanamieleka wengi wa siku za mwanzo walikuwa wageni kutoka Marekani. Hata barakoa, ambayo leo watu wengi huidhania kuwa imerithiwa moja kwa moja kutoka kwa Waazteki, ilikuja kwa njia isiyo na utukufu wowote. Mwaka 1934 mgeni mmoja aliyejulikana kama Ciclón Mackey alimwendea fundi viatu, Antonio Martínez, akamwomba amshonee kitu cha kuufunika uso. Fundi akashona kama anavyoshona kiatu, kwa ngozi na kamba za kukazia kisogoni. Ndivyo barakoa ya mieleka ya Meksiko ilivyoanza. Tunalitaja jambo hili kwa sababu katika nchi nyingi, na yetu haimo nje ya hesabu hiyo, mjadala juu ya utamaduni wa taifa huanza kwa kuuliza jambo fulani limetoka wapi, ukaishia hapo hapo. Kwa mtindo huo Wameksiko wangeitupa mieleka tangu siku ya kwanza. Wao waliipokea, wakaigeuza mwendo, wakaiongezea kasi ya kuruka, wakaipa majina, siri na heshima za kwao, hata baada ya miaka ishirini Mmarekani aliyeingia katika ukumbi wao alihitaji kufundishwa anachokiona.

Anachokiona ni hiki. Wapiganaji wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza huitwa técnicos, yaani mafundi, nao hushinda kwa ujuzi na kuzitii sheria. Wa pili huitwa rudos, yaani wakorofi. Hawa hupiga ngwala mwamuzi akigeuka, hukaba koo, hurarua barakoa ya mwenzao, kisha huinua mikono juu kama watu wasio na hatia. Pambano huwa la maanguko matatu, na anayeshinda mawili ndiye mshindi. Watazamaji nao wamegawanyika, na hapa pana jambo ambalo mgeni hulikosa: si kila mtu humshangilia fundi. Wako wanaokwenda ukumbini miaka nenda miaka rudi kuwashangilia wakorofi, nao huketi pamoja, hupiga kelele pamoja, na huona fahari. Mtu ambaye mchana kutwa ameamriwa na msimamizi, akadhulumiwa kwenye mizani sokoni, akasimamishwa na askari bila kosa, hana hakika kwamba sheria ni rafiki yake. Mkorofi humfurahisha kwa sababu anazivunja sheria hadharani na mwamuzi hana la kumfanya.

Guzmán alikuwa mkorofi. Alianza katikati ya miaka ya 1930 kwa jina lake la Rudy Guzmán, kisha akajaribu majina mengine: Mtu Mwekundu, Pepo Mweusi. Halafu akajiita Popo wa Pili, kwa kumfuata Jesús Velázquez, Popo wa kwanza. Velázquez alipeleka malalamiko kwenye tume ya ngumi na mieleka, na Guzmán akanyang'anywa jina. Mwaka 1942 meneja wake, Jesús Lomelí, aliyekuwa akiunda kundi la wapiganaji wenye mavazi ya rangi ya fedha, alimwekea majina matatu achague: Mtakatifu, Ibilisi, Malaika. Akachagua la kwanza, na tarehe 26 Julai mwaka huo akapanda ulingoni kwa mara ya kwanza kama El Santo.

Uchaguzi huo tunauona kuwa ndiyo kazi yake ya kwanza ya sanaa. Kama angejiita Ibilisi na kupigana kwa ukorofi, jina na tendo vingesema neno moja, na watazamaji wangechoka mapema. Yeye alivaa rangi ya fedha inayong'aa, akajiita Mtakatifu katika nchi ambayo kila nyumba ina picha ya mtakatifu ukutani, kisha akampiga mpinzani wake teke akiwa chini. Katika fasihi jambo kama hili tungeliita kejeli, tukawapa wanafunzi swali la mtihani juu yake. Ukumbini halikuhitaji mtihani. Lilieleweka na mchuuzi wa matunda na dereva wa basi, nao walijua vizuri, pengine kuliko wengi wetu, kwamba si kila anayeitwa mtakatifu ana matendo ya kitakatifu.

Kwa ufundi wa mwili alikuwa mpiganaji wa kukamatana zaidi kuliko wa kuruka. Mkabo wake mashuhuri uliitwa "wa kupanda farasi": mpinzani amelala kifudifudi, yeye amemkalia mgongoni, mikono ya mpinzani imetundikwa juu ya magoti yake, naye anamvuta kidevu nyuma mpaka asalimu amri. Mkabo huo ulikuwa wa mwenzi wake Gory Guerrero, ambaye waliunda naye jozi iliyotisha katika miaka ya 1940. Tunapoitazama picha ya mkabo huo tunaona kwa nini uliwafaa watazamaji wa mbali. Hauna siri. Aliyeketi kiti cha bei ya chini kabisa, karibu na paa, anaona nani yuko juu, nani yuko chini, na uso wa aliye chini umeelekezwa kwake.

Kilele cha miaka hiyo kilikuwa usiku wa tarehe 7 Novemba, 1952. Meksiko wana desturi ya pambano la kuwekeana rehani: wenye barakoa huweka barakoa, wasio nayo huweka nywele. Anayeshindwa huvuliwa barakoa hapo hapo ulingoni, husema jina lake halisi, na haruhusiwi kuivaa tena. Usiku huo El Santo alikutana na Black Shadow, baada ya mapambano ya zaidi ya saa moja akamshinda, na watazamaji wakauona uso wa kijana aitwaye Alejandro Cruz. Mshindi alikwisha kupangwa, ndiyo. Lakini kilichopotea kilipotea kweli. Cruz hakuivaa tena barakoa yake, na tangu hapo alilazimika kuijenga upya kazi yake akiwa na uso wa mtu wa kawaida. Hapa ndipo hoja ya "uongo" inapovunjika mguu. Mchezo huu una mapatano ndani yake, lakini gharama yake si ya kuigiza. Wala si heshima peke yake inayogharimika: mwaka 2015, mjini Tijuana, mwanamieleka Perro Aguayo mtoto alifariki dunia baada ya kuumia shingo ulingoni katika pambano ambalo hakuna aliyekusudia limdhuru.

Mwenzi wa Black Shadow alikuwa Blue Demon, mtoto wa watu wa shamba aliyefanya kazi ya reli kabla ya kuingia ulingoni. Baada ya usiku ule aliuacha ukorofi, akajiunga na mafundi, na mwaka 1953 akamnyang'anya El Santo mkanda wa ubingwa. Wapenzi wa mieleka hadi leo hubishana nani kati yao alikuwa bora. Sisi tukilazimishwa kujibu tungesema kwamba kwa mieleka yenyewe Blue Demon hakuwa nyuma hata kidogo, na kwamba sababu ya mmoja kuwa hadithi ya taifa na mwingine kuwa wa pili haikutoka ulingoni. Ilitoka katika karatasi na filamu.

Mwaka ule ule wa 1952 mchapishaji José G. Cruz alianza kutoa gazeti la hadithi za picha ambamo El Santo hakuwa tena mpiga mieleka mkorofi. Alikuwa mlinzi wa wanyonge, mwenye nguvu zisizo za kawaida, anayepambana na wachawi na majambazi, kisha akapiga magoti kuomba dua. Gazeti hilo liliendelea kwa miaka mingi, likasomwa na watu ambao hawakuwahi kununua kitabu. Sinema zikafuata. Filamu mbili za kwanza zilipigwa Kuba mwishoni mwa 1958, katika siku za mwisho za utawala wa Batista, na kuanzia hapo hadi 1982 zikawa zaidi ya hamsini. Yapo mambo ya nje yaliyosaidia. Katikati ya miaka ya 1950 wakuu wa jiji la Meksiko waliiondoa mieleka katika televisheni kwa hoja kwamba inawaharibu watoto, nayo haikurudi humo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanawake nao walikatazwa kupigana mieleka jijini, na katazo hilo likadumu hadi 1986. (Wakuu wanaoulinda umma dhidi ya starehe zake wenyewe huanza, kama kawaida, na wanawake na watoto.) Asiyeweza kufika ukumbini hakuwa na njia ya kumwona El Santo isipokuwa sinema, na sinema ilimfikisha katika miji midogo ambayo haikuwa na ulingo.

Mwaka 1962 hata ulingoni akauacha ukorofi, akawa fundi. Wengi huusimulia uamuzi huo kama toba. Sisi tunauona kuwa hasara. Filamu zilikuwa zimekwisha kumfanya mwema, na biashara haikuweza kuvumilia mwema wa Jumamosi kwenye sinema awe mwovu wa Jumapili kwenye ulingo. Kwa hiyo kejeli ile tuliyoisifu ikafa: Mtakatifu akawa mtakatifu, jina na tendo vikasema neno moja. Tazama filamu ya wanawake wanyonya damu ya mwaka 1962, au ile ya maiti zilizokauka za Guanajuato ya mwaka 1972, ambamo alicheza pamoja na Blue Demon na Mil Máscaras. Tunamwona akiendesha gari lisilo na paa, joho limetupwa begani, akipokea habari za hatari kwa mtambo wa maabara, akiwapiga viumbe wa kutisha ambao nyuzi zao karibu zionekane. Katika baadhi ya filamu hata sauti si yake. Mwigizaji mwingine amemsemea. Umebaki mwili na barakoa. Watu wa mtaani, ambao ndio waliomwinua, humo wamekuwa wa kuokolewa tu: husubiri, hulia, hushukuru. Kule ukumbini walikuwa wakimzomea, wakimrushia maneno, wakimpangia hata namna ya kupigana. Fani imeshuka, lakini maudhui ndiyo yaliyoshuka zaidi, kwa kuwa umma umeondolewa katika nafasi ya hakimu ukawekwa katika nafasi ya mgonjwa.

Hata hivyo hatuwezi kuzitupa filamu hizo zote kapuni. Ziko wakati mwingine dakika tano, kumi, ambapo hadithi husimama na El Santo hupanda ulingoni kupigana pambano zima. Wahakiki waliofundishwa na sinema za Ulaya huziona dakika hizo kuwa kiraka. Sisi tunaziona kuwa kumbukumbu iliyo bora kuliko zote za ufundi wake, iliyohifadhiwa kwa bahati ndani ya kazi duni.

Barakoa yenyewe aliitunza kwa nidhamu ambayo hatujui mfano wake katika uigizaji wa kulipwa. Husimuliwa kwamba alisafiri kwa ndege tofauti na wenzake ili wasimwone akiifunua mbele ya maofisa wa mpakani, na kwamba alikuwa na barakoa maalumu yenye nafasi kidevuni kwa ajili ya kula. Msomaji aliyewahi kutazama ngoma ya vinyago ya Wamakonde atalielewa jambo hili upesi kuliko msomaji wa London: mchezaji anajulikana na jirani zake, lakini si adabu kulitaja jina lake maadamu kinyago kiko usoni. Tofauti ni kwamba kinyago cha Wamakonde kina jamii nzima nyuma yake inayokilinda, ilhali barakoa ya El Santo ilikuwa ndani ya soko. Katika miaka ya 1970 yeye na José G. Cruz waligombana juu ya malipo hadi kufikishana mahakamani, na mchapishaji akaendelea kutoa gazeti lile lile, akimtia mtunisha misuli mwingine ndani ya barakoa ya fedha yenye herufi S kipajini. Ikadhihirika kwamba siri iliyomfanya awe mkubwa ndiyo pia iliyomfanya awe rahisi kubadilishwa. Mtu asiye na uso hawezi kulalamika kwamba uso wake umeibwa.

Alipigana hadi 1982. Pambano lake la kuaga lilikuwa tarehe 12 Septemba mwaka huo, siku chache kabla ya kutimiza miaka 65, na upande wake alisimama mzee mwenziwe Gory Guerrero. Mwezi Januari, 1984, katika mazungumzo ya televisheni, bila kuombwa sana, aliiinua barakoa kwa muda mfupi na sehemu ya uso wake ikaonekana. Tarehe 5 Februari akafa kwa ugonjwa wa moyo. Alizikwa amevaa barakoa yake, na umati wa watu wa mitaa ile aliyokulia ukajazana kumsindikiza.

Mwanawe wa mwisho, aliyeanza kupigana kama El Hijo del Santo mwaka ule ule wa 1982, alilichukua jina na rangi ya fedha, na baadaye akafikishana mahakamani na jamaa wa ukoo wake mwenyewe juu ya nani ana haki ya kulitumia. Kwa sheria huenda huo ndio urithi. Kwa utamaduni, tunaona urithi ulikwenda kwingine. Mwezi Septemba, 1985, tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Meksiko, na maelfu ya wapangaji wakabaki bila nyumba au wakitishiwa kufukuzwa na wenye majengo. Mwaka 1987 mtu mmoja aliyevaa suruali ya kubana nyekundu, kaptura ya njano na barakoa nyekundu na njano alijitokeza katika maandamano ya wapangaji, akajiita Superbarrio. Alisimama milangoni siku za watu kutolewa vyombo nje, akaenda ofisini pamoja na wajumbe wa mitaa, na maofisa walipomtaka avue barakoa kabla ya mazungumzo, umati nyuma yake ulikataa. Huyu hakuwa mwema wa sinema anayewaokoa watu wanaolia. Alitumwa na mkutano wa mitaa, aliwajibika kwao, na akisema lisilowapendeza walimzomea kama walivyowazomea wakorofi ukumbini.

Mwaka 2018 serikali ya jiji la Meksiko, jiji lile lile lililoifukuza mieleka katika televisheni, iliitangaza kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni usioshikika wa jiji. Tangazo hilo limesifiwa sana, ingawa sisi tungependa kwanza kuona kama bei ya kiti cha karibu na paa itabaki ile anayoimudu mchuuzi wa matunda. Nje ya ukumbi wa Arena México, usiku wa mapambano, barakoa za kitambaa hutundikwa kwenye kamba kwa ajili ya watoto, za wapiganaji wa sasa na wa zamani pamoja, na ile ya fedha bado imo.